Nani Alimgonga Kobe?

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa pana barabara.

— Tupishe tupite!

Mbele kuna nini?

— Hatujui, wewe ndiye unayetupeleka!

Haya, nifuateni. Na wewe Kombo wa lori, najua hadithi hii inakuhusu. Usinikatize mpaka tufike.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana magari yalikwisha kuwako, palikuwa na nchi ya wanyama yenye barabara moja. Barabara hiyo ilianzia Mlimani, kwenye mashamba ya matikiti. Ikateremka, ikakata Uwanda wa Magadi, ikafika Bondeni kwenye soko. Mwenye gari alikuwa mmoja tu, Bwana Kiboko. Tumbo lake kubwa, mdomo wake mkubwa, na shibe yake hakuna aliyewahi kuiona.

Gari lake la kwanza lilikuwa pikapu kuukuu, na dereva wake alikuwa Nguchiro. Nguchiro mnamjua. Mdogo, mrefu-mrefu, mkia kama ufagio uliochakaa, macho hayatulii. Mwenye kuku ndiye anayemjua zaidi. Basi Nguchiro alishika usukani, Kiboko akakaa pembeni, vikapu vya wanyama vikakaa nyuma. Kiboko akinyoosha mkono nyuma achukue tikiti, Nguchiro anapita kwenye shimo makusudi. Gubu! Mkono unarudi. Kiboko akinyoosha tena, shimo tena. Gubu! Mkono unarudi. Kwa hiyo matikiti ya watu yalifika sokoni mazima, na Kiboko alifika ana njaa na ana hasira.

Siku moja akaja mfanyabiashara Kunguru kutoka nchi ya mbali. Alikuja na gari jipya linalong'aa kama jicho la samaki. Gari linatembea, usukani unazunguka, na kwenye kiti hakuna mtu. Kunguru mwenyewe amekaa juu ya paa, amekunja miguu, na wanyama wamekusanyika kutazama.

"Bwana Kiboko, tajiri wangu, tazama," akasema. "Gari hili lina macho mbele, lina macho nyuma, lina macho ubavuni. Linaona njia lenyewe. Linafuata mistari lenyewe. Linashika breki lenyewe. Wewe kazi yako kukaa."

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu."

"Na mikono yangu?"

"Mikono yako ni huru kabisa." Kunguru akakohoa, kisha akasema haraka haraka, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemaliza dua: "Ila mikono iwe kwenye usukani muda wote, na macho yawe barabarani muda wote."

Kiboko akakuna kichwa. "Ngoja kwanza. Linajiendesha, au halijiendeshi?"

"Linajiendesha."

"Basi naachia."

"Usiachie."

"Kwa hiyo naendesha mimi."

"Huendeshi, tajiri wangu, linajiendesha. Ila ukiacha kuendesha, halitajiendesha vizuri."

Kiboko akatazama gari. Akatazama mikono yake. Akatazama kikapu cha matikiti kilichokuwa karibu. Katika maneno yote yale, lililomkaa kichwani ni moja: huru kabisa. Akampa Kunguru pikapu kuukuu na matikiti ya kutosha, na Kunguru akaenda zake bila kugeuka nyuma.

Kiboko akamwita Nguchiro. "Nguchiro, kwaheri. Nimepata dereva asiyepita kwenye mashimo."

"Bwana Kiboko, lakini wewe kuendesha hujui. Gari likikosea?"

"Gari lina macho kila upande. Wewe una mangapi?"

 Nguchiro akachukua kofia yake, akashuka mlima kwa miguu.

Asubuhi yake wanyama wakapakia vikapu. Kiboko akaingia, tumbo likabana chini ya usukani, gari likaondoka. Vuuum! Tamu kweli. Kona ikija, gari linakata. Shimo likija, gari linakwepa. Kiboko akanyoosha mkono nyuma.

"Tii! Tii!" Gari likapiga kelele, kisha likasema kwa sauti laini ya kike: "Tafadhali, shika usukani."

Kiboko akashika usukani. Gari likanyamaza. Kiboko akanyoosha mkono.

"Tii! Tii! Tafadhali, shika usukani."

Sasa Kiboko alikuwa mjinga wa mambo mengi, lakini si wa chakula. Akachukua boga, akalifunga kwenye usukani kwa kamba. Gari likalipima lile boga. Likaona uzito upo, likadhani mkono. Likanyamaza kimya. Vuuum! Kiboko akala. Tikiti la kwanza, kacha! La pili, kacha! Njia nzima anakula, mbegu anazitemea dirishani, hata barabara ikaota matikiti pande zote.

Sokoni wanyama wakafungua vikapu. Vitupu!

"Bwana Kiboko, matikiti yetu yako wapi?"

"Kamuulizeni dereva."

"Dereva nani?"

"Gari. Si linajiendesha? Mimi nilikuwa abiria kama vikapu vyenyewe."

Wanyama wakaliendea gari. Wakaliuliza kwa adabu. Gari likajibu: "Umefika. Asante kwa kuendesha kwa usalama." Wanyama wakatazamana. Wakarudi nyumbani na vikapu vitupu, na kila mmoja anajiuliza ameibiwa na nani.

Sasa sikilizeni, maana hapa si pa kucheka.

Palikuwa na Kobe, rafiki wa Nguchiro. Kobe aliishi upande huu wa barabara, na bustani yake ya mchicha ilikuwa upande wa pili. Kila siku alivuka kwenda, akavuka kurudi. Enzi za Nguchiro haikuwa shida. Nguchiro akimwona anasimamisha pikapu, anashuka, wanasalimiana, wanaulizana habari za nyumbani, na wakimaliza habari za nyumbani, Kobe naye amemaliza kuvuka.

Siku hiyo Kobe alikuwa katikati ya barabara, mzigo wa mchicha mgongoni. Gari likaja. Vuuum! Kobe hakuogopa. Alijua magari husimama.

Na gari lilimwona. Hilo msibishe, lilimwona. Lilichoona ni kitu cha duara, kigumu, kijani juu, hakiendi. Katika nchi ya Kunguru hakuna kobe. Gari likajiuliza: ni jiwe? Ni kichaka? Ni kivuli cha wingu? Ni jiwe lililoota kichaka? Lilikuwa bado linajiuliza...

Kacha!

Kobe akarushwa mtaroni. Kiboko akainua uso, mdomo umejaa. "Nini hicho?"

"Barabara si nzuri," gari likasema, na likaendelea na safari.

Nguchiro ndiye aliyemkuta. Kobe amelala chali kwenye matope, mchicha umetawanyika, na gamba lake lina ufa kutoka shingoni mpaka mkiani. Nguchiro akamgeuza polepole.

"Kobe, ndugu yangu! Nani amekufanya hivi?"

"Gari."

"Ndani alikuwamo nani?"

"Kiboko."

"Alikuwa akifanya nini?"

"Akila."

"Basi ni Kiboko!"

"Sijui, Nguchiro," Kobe akasema kwa sauti ndogo. "Niliyemwona kwenye usukani ni boga."

Nguchiro akamfunga ule ufa kwa utomvu na kamba za mgomba. Kobe hakulia kwa maumivu. Alikuwa akitazama gamba lake tu, akasema: "Mimi nikiogopa huingia ndani. Sasa nikiogopa, nitaingia wapi?"

Neno hilo likamchoma Nguchiro. Akamchukua Kobe mpaka barazani, kwa hakimu. Hakimu alikuwa Korongo, shingo ndefu, mtaratibu, asiyeweka mguu wa pili chini mpaka awe na hakika na wa kwanza. Kiboko akaitwa. Gari nalo likaitwa.

"Kobe amegongwa," Korongo akasema. "Nani alikuwa akiendesha?"

"Gari," akasema Kiboko.

Korongo akaligeukia gari. "Wewe gari, ulimgonga Kobe?"

"Tafadhali, funga mkanda," likasema gari.

"Nimekuuliza, ulimgonga?"

"Sijaelewa. Sema tena mahali unapokwenda."

Korongo akabadilisha mguu. "Gari limekataa kujibu. Basi aliyelileta gari ajibu. Kunguru yuko wapi?"

"Kunguru alisema mikono iwe kwenye usukani," akasema mmoja aliyesikia.

"Na alisema mikono ni huru kabisa," akasema Kiboko. "Hilo nalo mlilisikia."

"Tulilisikia," wanyama wakakubali.

"Kwa hiyo ni Kunguru?"

"Kunguru hakuwapo."

"Ni gari?"

"Gari halina kosa, halikujua kobe ni nini."

"Ni Kiboko?"

"Kiboko alikuwa anakula."

Korongo akainama, akafikiri, akainuka, shingo imejikunja kama kamba. "Basi naamuru gari lifungwe. Lifungwe kwenye mti mpaka lijute."

Kiboko akacheka, ho! ho! ho! "Fungeni. Na matikiti yenu yatateremka mlima kwa miguu?"

Wanyama wakanong'onezana. Wakalifungua gari hata kabla kamba haijakaza. Kobe akatolewa nje ya baraza, hana gamba zima, hana haki, hana hata wa kumkasirikia. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomwuma zaidi.

Nguchiro akakaa kando ya barabara. Hakufanya lolote, alitazama tu. Gari likipita, anatazama. Likirudi, anatazama. Akaona jambo. Mstari mweupe ukipinda, gari linapinda. Mstari ukinyooka, gari linanyooka. Mstari wa vipandevipande, gari linauvuka. Mstari mzima, gari haliuvuki, hata uwe umechorwa vibaya, hata ng'ambo yake kuwe na peponi. Na akaona jambo jingine: pale Uwanda wa Magadi, mvua na vumbi vilikwisha kufuta mistari ya zamani, na gari likifika pale linapunguza mwendo, linapapasa kama mtu aliyepoteza miwani.

Nguchiro akasema moyoni: "Kumbe macho mengi si kuona mengi."

Akatafuta chokaa. Akaenda Uwanda wa Magadi, akachovya mkia wake kwenye chokaa, akachora. Mstari mzuri, mweupe, unaotoka barabarani polepole, unaingia uwandani. Huko akachora duara kubwa. Nje ya duara, mstari wa vipandevipande. Ndani yake, ubavuni kabisa, mstari mzima. Gari hutii mstari ulio karibu nalo: anayeingia anaona ruhusa, anayetaka kutoka anaona katazo. Kisha akaenda kwa wanyama, akawaambia: "Kesho asubuhi msiende sokoni. Pakieni vikapu, nanyi mje kwa miguu uwandani." Akaenda kwa Korongo: "Mheshimiwa hakimu, njoo umsikie shahidi." "Shahidi gani?" "Hata mwenyewe hajui kama ni shahidi."

Asubuhi ikafika. Kiboko huyo, boga kwenye usukani, tikiti mdomoni. Gari likafika Uwanda wa Magadi, likapunguza mwendo, likapapasa. Likaona mstari mpya, mweupe pe! Likafurahi, kama magari hufurahi. Vuuum! Likaufuata. Likavuka vipandevipande. Likaingia duarani.

Likatafuta pa kutokea. Mstari mzima. Likasogea mbele. Mstari mzima. Likasogea mbele. Mstari mzima.

Zunguuu, zunguuu, zunguuu!

Kiboko hana habari, anakula. Akainua macho, akaona kichuguu. Akala. Akainua macho, akaona kichuguu. "Vichuguu vya huku vinafanana kweli," akasema. Akamwona Korongo amesimama kwa mguu mmoja. "Hujambo, hakimu!" Akala. Akamwona Korongo tena. "Hujambo, hakimu!" Akala. Akamwona Korongo tena. "Ah, leo makorongo ni wengi, sijui kuna mkutano gani."

Zunguuu, zunguuu, zunguuu!

Sasa matikiti tumboni nayo yakaanza kuzunguka, yanakwenda upande wao, gari linakwenda upande wake. Kichwa cha Kiboko kikawa chepesi. Akasikia watu wanaimba. Nguchiro amekaa juu ya kichuguu, anaongoza wimbo. Nanyi itikieni:

Gari la Kiboko lajua njia!

— Kufika halijui!

Mkono wa Kiboko washika tikiti!

— Halijui, halijui!

Usukani washikwa na nani?

— Na boga!

"Nguchiro!" Kiboko akalia. "Ndugu yangu, dereva wangu! Hapa ni wapi?"

"Mimi sijui, Bwana Kiboko. Mwulize dereva."

"Gari, hapa ni wapi?"

"Endelea moja kwa moja," likasema gari. Zunguuu!

"Nguchiro! Lisimamishe! Breki iko wapi?"

"Breki ni ya dereva. Kwani nani anaendesha?"

"Gari!"

"Basi liambie gari lisimame."

Zunguuu! Kiboko akaondoka, akarudi. Uso umekuwa wa kijani.

"Nani anaendesha, Bwana Kiboko?"

"Gari... na mimi kidogo!"

"Kidogo kama nini?"

Zunguuu! Kiboko akaondoka, akarudi. Tumbo limebana, boga limebana, mkono haufiki, mguu haupati pa kukanyaga. Na Kiboko, jamani, aliogopa. Msimcheke. Kuwa ndani ya kitu kinachokupeleka, na wewe hujui kinakupeleka wapi, wala hujui kukizuia, ni jambo la kutisha, hata ukiwa mkubwa namna gani. Machozi yakamtoka.

"Nani anaendesha?"

"Mimi! Mimi ndiye dereva! Mimi!"

"Hata siku ya Kobe?"

"Hata siku ya Kobe! Macho yalikuwa kwenye tikiti!"

"Na matikiti ya watu?"

"Nimekula mimi! Mimi na tumbo langu! Nguchiro, naomba breki!"

Nguchiro akaruka dirishani, akakata kamba, boga likaanguka, pu! Akakanyaga breki. Kwiiii! Kimya. Kiboko akafunguliwa mlango, akashuka, akatembea kwa kuzunguka, akakaa chini. Naomba nisieleze yale matikiti yalitokea wapi.

Korongo akaweka miguu yote miwili chini. Wanyama walikuwa hawajawahi kuona. "Nimesikia," akasema. "Gari ni la wote kuanzia leo, na Nguchiro ataliendesha. Wewe Kiboko utamchotea Kobe maji na utambebea mchicha mpaka gamba lake lipone. Na siku akiogopa, ataingia chini ya tumbo lako. Tumbo hilo limekula vya watu, sasa na liwafae watu."

Ikawa hivyo. Mngewaona wakivuka barabara! Kiboko mbele anatazama kushoto, anatazama kulia, anatazama kushoto tena, na Kobe chini ya tumbo anamwambia: "Polepole, bwana, mimi si gari."

— Sasa hadithi imekwisha!

Nani kasema? Kombo, nilikuambia usinikatize. Hadithi ingekuwa imekwisha kama Nguchiro angekuwa mtu wa kunyamaza.

Wanyama wakapakia matikiti, wengine wakapanda, Korongo akakaa kiti cha mbele, shingo nje ya dirisha. Kobe alikataa katakata kupanda. Nguchiro akashika usukani. Gari lile halikumsumbua, alikuwa dereva kweli. Lakini wale waliopanda walianza kumsifu. "Nguchiro, tusimulie ulivyomzungusha Kiboko!" Nguchiro akaanza kusimulia. Akafika kwenye chokaa, akaachia mkono mmoja aonyeshe mkia ulivyochora. Akafika kwenye duara, akaachia mkono wa pili aonyeshe ukubwa wa duara. Akafika kwenye uso wa Kiboko, akageuka nyuma kabisa waone jinsi Kiboko alivyovuta mdomo.

"Tii! Tii! Tafadhali, shika usukani."

"Nyamaza wewe," akasema Nguchiro, "ninasimulia."

Mbele, kifaranga wa Mama Kanga akaingia barabarani akifukuza panzi.

Nguchiro hakumwona. Korongo alikuwa akicheka, hakumwona. Wanyama wote walikuwa wakitazama mdomo wa Nguchiro. Aliyemwona kifaranga ni gari peke yake. Na kifaranga gari linamjua, linamjua sana, kwa sababu limetoka kwa kunguru.

Kwiiiii!

Gari likasimama lenyewe. Matikiti yakaruka. Pua ya Nguchiro ikagonga usukani, puu! Kifaranga akasimama mbele ya taa, panzi mdomoni, hata habari hana. Mama Kanga akatoka majanini mbio, mabawa juu, akamkumbatia mwanawe, akalia, akacheka, akampiga kofi, akamkumbatia tena.

"Ahsante!" akasema. "Ahsante, dereva! Umeniokolea mwanangu!"

Nguchiro akaokota kofia yake, akaivaa.

Korongo akamgeukia polepole. "Nguchiro. Nani alikuwa akiendesha?"

"Mimi... yaani, gari. Yaani mimi nilikuwa naendesha, ila aliyesimamisha..." Akashika pua yake. "Hakimu, hilo swali ni gumu."

"Mbona kwa Kiboko lilikuwa jepesi?"

"Lilikuwa la lawama. Hili ni la shukrani."

Korongo akainua mguu mmoja, akashindwa kujua aushushe wapi. "Tuseme dereva ni gari. Basi kifaranga ameokolewa na gari, lakini Kobe naye amegongwa na gari, na Kiboko nimemwonea. Tuseme dereva ni Nguchiro. Basi Kiboko nimemhukumu sawasawa, lakini Nguchiro anashukuriwa kwa kutazama nyuma."

"Tuwalaumu wote wawili," akasema mmoja.

"Tuwashukuru wote wawili," akasema mwingine.

"Tulifunge gari," akasema wa tatu, maana hilo la kufunga walikuwa wamelizoea.

Wakabishana pale pale katikati ya barabara. Waliosema gari liaminiwe wakaulizwa habari za Kobe. Waliosema gari lisiaminiwe wakaonyeshwa kifaranga. Waliosema dereva aaminiwe wakatazamana, maana wote walikuwa wamemwona dereva, na gari lenyewe lilikuwa limemwonya. Jua likapanda, matikiti yakapata joto, na hakuna aliyejua zaidi ya alivyojua asubuhi. Nguchiro naye alikuwa akimtazama yule kifaranga na kufikiri angekuwa wapi sasa.

Mwisho Mama Kanga akasema: "Jamani, mimi nina safari. Nilikuwa nakwenda sokoni na wanangu. Nitapanda."

"Utapanda? Na una hakika?"

"Hakika sina." Akawapakia vifaranga wake mmoja mmoja. Kisha akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, akatazama. Kuna gari ambalo halijui kobe ni nini, na limemwokolea mwanawe. Kuna dereva aliyetetea wanyonge wote wa nchi, na ni nguchiro, mnyama ambaye hakuwahi kumtazama kifaranga kwa macho ya bure. Mama Kanga akapanda, akakaa katikati. Mungu alimpa kanga jicho moja kila upande wa kichwa, basi jicho hili akaliweka barabarani, na jicho lile akaliweka kwa Nguchiro.

Nguchiro akashika usukani kwa mikono yote miwili.

"Tafadhali," gari likasema kwa sauti yake laini, "macho barabarani."

Na hakuna aliyejua limemwambia nani. Wote wakatazama mbele.

Haya. Funzo.

Funzo la hadithi hii ni kwamba gari linalojiendesha si la kuaminiwa hata kidogo, isipokuwa wakati dereva haaminiki. Na dereva naye asiaminiwe, isipokuwa ana gari linalomshinda akili. Na mnyonge akigongwa, asiende kwa hakimu, atafute chokaa.

— Lakini Bibi, si gari ndilo lililomwokoa kifaranga?

Ndilo, Kombo.

— Na si hilo hilo lililomgonga Kobe?

Hilo hilo.

— Sasa kesho wakinipa lori linalojiendesha, mimi niachie usukani, au nisiachie?

Mwanangu, ulipofika hapa ulikuwa unajua?

— Sikuwa najua.

Na sasa?

— Sasa najua kidogo kuliko hapo.

Basi hadithi imefanya kazi yake. Nami nashukia hapa. Aliyeipenda ashuke nayo aende nayo kwao, aliyechanganyikiwa abaki humo humo, huenda ikampeleka mahali.